Usimfuate Dereva wa Lori kwa Miguu

Wenzangu mlio na watoto wanaonyonya, someni haya kabla hamjafunga begi. Sisemi msiende. Nendeni, mji ni mzuri, na mume akiwa hana usukani mkononi anakuwa mtu mwingine kabisa. Ila nawaonya mapema: ukitaka kumwachisha mtoto ziwa kwa kusafiri, jua kwamba atakayelia si mtoto peke yake. Na mume wako akikwambia, "Mimi ule mji naujua," muulize kwanza anaujua akiwa amekaa wapi.

Wangu anaujua akiwa amekaa juu ya lori.

Mtoto wetu tunamwita Bosi, kwa sababu tangu ajue kukaa hakuna mtu nyumbani aliyemwambia hapana ikakubaliwa. Meno amejaa. Anakimbia. Anajua kufungua kabati na kuvaa viatu vya baba yake. Lakini chakula hataki. Ukimpelekea kijiko anageuza shingo kama mtu aliyeletewa kesi isiyomhusu. Mimi ni mshonaji, nafanyia kazi nyumbani, cherehani yangu iko sebuleni. Basi njaa ikimshika anapita chini ya meza, anapandisha blauzi na kujihudumia bila hata kupiga hodi. Nikawa nashona sare za shule huku mtoto ananing'inia kifuani.

Siku ya kliniki nesi alimpima, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye.

"Mama, huyu uzito wake umesimama. Anakula nini?"

"Anaonja onja."

"Sikuuliza anaonja nini."

 Nesi akaniambia kwa umri wa Bosi maziwa yangu hayamtoshi tena, yanamjaza tumbo tu asisikie njaa ya chakula, na tukiendelea hivyo mtoto ataanza kurudi nyuma. Kurudi nyuma! Maneno hayo nilitembea nayo mpaka nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Msidhani sikujaribu. Nilipaka shubiri. Bosi alilamba, akakunja uso, akapangusa kwa shati lake, akaendelea. Nikapaka rangi nyekundu ya midomo, nikamwambia, "Mama ana kidonda." Akapuliza "fuu," akasema "pole," akaendelea. Baba yake alicheka mpaka akatoka nje.

Aliyeleta dawa ni mama mkwe. Alikuja kututembelea, akakaa siku nzima akiangalia vile mtoto anavyonipanda kama ngazi, jioni akaniita jikoni.

"Mwanangu," akasema, "mtu haachi chai na birika liko mezani. Ondoka na birika lako."

"Niende wapi, mama?"

"Popote. Wewe na mwanangu ondokeni Jumamosi asubuhi, mrudi Jumapili jioni. Bosi niachieni. Na simu msinipigie. Akisikia sauti yako ataanza kulia upya, na mimi ni mzee, siwezi kuianza kazi moja mara mbili. Nikiona namba zenu sipokei."

Mume wangu ndiye aliyefurahi. Miaka yote anaupita ule mji na mizigo, na miaka yote ananiahidi kwamba siku moja atanitembeza. Akanipa sharti moja tu: hakuna kupanda chochote tukifika. "Mimi mwaka mzima nimekaa," akasema. "Makalio yangu yameshachukua umbo la kiti. Wikendi hii ni miguu tu, Mama Bosi. Utauona mji mpaka uuchoke."

Jumamosi tukaondoka. Bosi alikuwa uani anamwagia maji ndoo iliyotoboka. Akatupungia mkono bila kugeuka, kama mwenye kazi nyingi. Mimi nilifika kwenye kona nikiwa tayari nimelowa machozi, na basi lilikuwa bado hata halijawashwa.

Tulipofika tukachukua chumba katika nyumba ya wageni safi, yenye mapazia ya maua na beseni la kuogea lenye ufa. Tukaweka begi, tukatoka. Hapo ndipo maonyo yangu yanapoanza.

Mbele yetu kulikuwa na mtaa mzuri, mwembamba, una miti na maduka pande zote. Mimi nikaingia. Mume wangu akanishika mkono.

"Huku hatupiti."

"Kwa nini?"

"Hakuruhusiwi." Akaninyooshea kidole kibao kilichochorwa lori lililokatwa mstari mwekundu.

Nikakitazama kile kibao, nikamtazama yeye. "Baba Bosi, lori liko wapi?"

Jamani, aligeuka nyuma kuangalia! Halafu akacheka, akajikuna kichwa, akasema ni mazoea. Lakini msidhani tuliingia ule mtaa. Alisema njia yake ni nzuri zaidi, na yeye ndiye mwenyeji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wangu siku ile alikuwa yeye. Nikafuata.

Basi tukatembea kwenye barabara ya malori. Kila tukifika kwenye kona, anakwenda kwanza upande wa pili, mbali, ndipo anakata. Nikamuuliza kwa nini tunazunguka hivi kama walevi. "Ukikata kwa ufupi, tela linapanda ukingo," akasema, na mguu wake ukaendelea kufanya hivyo hivyo hata baada ya yeye mwenyewe kujisikia. Kwenye daraja la reli alisimama akasoma urefu ulioandikwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo tukapita, mimi na yeye, watu wawili wafupi.

Na alivyokuwa na furaha! Hakuacha kuonyesha. "Hapa ndipo nilipata pancha mvua inanyesha. Pale ndipo utingo wangu alisahau kiatu kimoja, akasafiri na kimoja mpaka mwisho wa safari. Hii sheli choo chake ni kisafi, kuliko zote." Upande huu ukuta wa maghala, upande ule maduka ya matairi. Hakuna anayetembea kule isipokuwa mbwa, na mbwa wenyewe walitushangaa.

"Baba Bosi," nikamwambia, "nimeacha mtoto nyumbani nije kuangalia matairi?"

"Ngoja, mbele kuna mizani."

Nje ya geti la ghala moja kulikuwa na mlinzi ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alipomwona mume wangu akasimama. "Dereva! Umelitupa wapi lori?"

"Leo nimebeba huyu."

Mlinzi akanitazama kwa heshima zote. "Shikamoo, mama. Dereva, mzigo mzuri huo. Una karatasi zake?"

"Za ndoa, ninazo."

Wakapiga viganja wakacheka. Mimi pia nilicheka, siwezi kusema uongo. Lakini miguu ilikuwa inawaka, na kifua kilikuwa kimeanza. Kwa sababu saa ile ni ile ambayo Bosi hupita chini ya meza. Kichwa chako kinaweza kusahau, kifua hakisahau. Kilikuwa kimejaa, kigumu kama mawe mawili, na kila nilipopiga hatua nilikisikia.

Nikagoma. Nikamwambia sasa naongoza mimi, na nikaingia kwenye kichochoro cha kwanza nilichokiona, chenye ngazi za mawe zinazoshuka kati ya nyumba. Mume wangu alisimama juu ya zile ngazi kama ng'ombe mbele ya daraja.

"Mbele kukiwa hakuna pa kugeuzia?"

"Tutageuka kwa miguu, Baba Bosi. Hivi." Nikajizungusha pale pale. Akashuka.

Kumbe mji ulikuwa umejificha huko chini. Watu walikuwa wanacheza bao barazani, mtu anarekebisha saa ndani ya kibanda kidogo kuliko kabati langu, nguo zinakauka juu ya vichwa vyetu, na baada ya hapo mtaa mzima wa vitambaa. Mtaa mzima! Majora yamesimamishwa milangoni kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Nikasahau miguu. Nikaingia duka la kwanza, nikawa napapasa kitambaa cha pamba na kukivuta kuona kama kinarudi, na mume wangu nyuma yangu anasema, "Hivi vinasafirishwa vimelazwa au vimesimama?"

Ndipo nyuma ya pazia la lile duka mtoto mchanga akalia.

Wenye kujua wanajua. Hakuwa wangu, sikumwona hata uso, lakini alilia mara moja tu na maziwa yangu yakaitika. Blauzi ikalowa pale pale, mduara huku na mduara kule, mbele ya wateja. Nikajifunika na kitambaa cha watu.

Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, alinitazama akaelewa kabla sijafungua mdomo. "Ingia ndani, mdogo wangu. Na wewe baba, shikilia hapo mlangoni, jifanye unanunua."

Nyuma ya pazia akanipa taulo na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Akaniambia nikamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu. "Ukikamua yote, mwili utadhani kuna mteja, utatengeneza mengine." Akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikaanza kumweleza, nikajikuta nalia, namweleza mtu nisiyemjua habari za uzito na nesi na birika. Nilikuwa najiuliza jambo moja tu kwa sauti: kama hatakula? Kama ziwa halipo na chakula bado hataki, si nimemwacha na njaa tupu?

"Atakula," akasema.

"Unajuaje?"

"Sijui. Lakini nikisema hatakula, utafanya nini zaidi ya kulia kwenye pamba yangu?"

Nilipotoka nilimkuta mume wangu ameshika jora la kitambaa cha pazia, anabishana na mteja mwingine juu ya namna ya kulifunga kwenye gari. Nikamvuta pembeni.

"Piga simu kwa mama."

"Tumekatazwa."

"Mara moja tu."

"Mama Bosi, makubaliano ni makubaliano. Bosi yuko na mama yangu. Mama yangu ndiye aliyenilea mimi."

"Ndicho kinachonitia wasiwasi."

Alicheka, lakini hakutoa simu. Alijifanya mgumu siku ile yote, anapiga mluzi, ananinunulia machungwa, ananiambia tazama hiki, tazama kile. Nikamwona hana moyo. Nikasema wanaume bwana, mtoto kwao ni kama mzigo, wakishaushusha wamesahau. Ila kwenye mkahawa, tulipokaa kula jioni, niligundua nimemkatia nyama yake vipande vidogo vidogo vya mdomo wa mtoto, na yeye alikuwa anakipuliza kila kipande kabla ya kula, hata hajui.  Tulimaliza chakula tukaenda kulala, na kama kuna aliyelala, si mimi.

Jumapili kulipokucha alikuwa ameshavaa. Akasema anakwenda kutafuta chai na kunyoosha miguu, nisiamke, nipumzike. Mlango ulipofungwa nikaruka kutoka kitandani. Nilikuwa nimeamua tangu usiku: napanda basi la asubuhi, narudi kwa mwanangu. Aninyonye, aache, lolote, lakini nimwone. Uzito tutauzungumza na nesi siku nyingine. Mume wangu nitamweleza baadaye, atakapokuwa amenywa chai.

Sasa kituo cha mabasi nilikijua kwa njia moja tu: njia ya malori. Nikapita hukohuko, mwanamke mmoja peke yake kando ya maghala, nakimbia nusu natembea nusu, na kwenye kona, msicheke, nikajikuta nakata kwa upana. Mlinzi alikuwa bado yuko kwenye kiti chake.

"Mama! Mbona leo mnapita kipande kipande?"

"Nani kapita?"

"Si dereva wako? Amepita hapa sasa hivi, mbio, hata salamu hakuitikia vizuri."

Nikajiuliza ni chai gani inayotafutwa kwenye maghala. Lakini sikusimama.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye dirisha la tiketi. Watu watatu wamepanga foleni, na wa mbele kabisa, ameinamia kidirisha, nikaijua ile shingo. Nikamgusa begani.

Aligeuka. Wenzangu, sijawahi kuona mtu mzima akishtuka namna ile. "Mama Bosi! Aa... nilikuwa naulizia chai."

"Chai ya hapa inauzwa na kiti cha dirishani?"

Akatazama begi langu. "Na wewe? Begi linakwenda kunywa chai?"

 Dada wa tiketi akagonga kioo. "Nyinyi, mnapanda au mnagombana? Nyuma kuna watu."

Tukajivuta pembeni, kwenye benchi. Ndipo akasema, akiangalia viatu vyake. Alitaka kwenda kuchungulia tu. Apite nyuma ya nyumba, achungulie dirisha la jikoni, aone kama mtoto anakula, halafu arudi na basi linalofuata kabla sijamaliza usingizi.

"Basi linalofuata linarudi mchana, Baba Bosi."

"Ningesema foleni ya chai ilikuwa ndefu."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga na begi. "Jana ulikuwa unapiga mluzi."

"Nilikuwa napiga mluzi ili usiogope." Akasugua magoti. "Mimi nimezoea kuondoka. Kila wiki naondoka. Lakini kila nikiondoka najua wewe uko. Nikiwa barabarani nikimkumbuka nasema, mama yake yuko. Safari hii wewe uko hapa na mimi. Jana usiku nimemtafuta wa kumtegemea huko nyumbani, nikabaki na mama yangu, na wewe ulishanitia wasiwasi juu yake."

 Tumeoana miaka mingi na hilo sikuwa nalijua.

Tukakubaliana jambo moja: kabla ya kupanda, tumpigie mama. Lakini namba zetu hazipokei, alishasema. Nikarudi kwa dada wa tiketi, nikamwomba simu yake, nikamweleza kwa ufupi. Akatutazama, akaipitisha chini ya kioo. "Ongeeni hapa hapa nisikie," akasema. "Na mimi nataka kujua."

Mume wangu akasema tukijitambulisha mama atakata. Akakohoa, akashusha sauti mpaka ikawa kama inatoka kisimani.

"Halo, mama. Tunakupigia kutoka... kampuni ya simu."

"Kampuni gani inaamka Jumapili?" Mama mkwe husikika hata ukiwa umbali wa nyumba tatu, tulimsikia wote.

"Tuna maswali machache. Je, nyumbani kwako kuna mtoto mdogo?"

"Yupo."

"Je... amekula?"

 "Na wewe kampuni, umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Kwa nini bado, na jua limeshatoka? Wewe mtoto, sauti yako nimeanza kuisikia kabla hujawa na meno, leo unaniletea ukampuni? Mpe mke wako simu."

Nikaichukua.  Nikasema shikamoo, mama. Akaitikia. Akaniambia ukweli wote, maana yeye hapambi. Jana Bosi amenitafuta chumbani, chini ya kitanda, ndani ya kabati, hata ndani ya ndoo. Mchana ametupa sahani. Jioni amekunywa maji tu na kulia mpaka akalala mgongoni kwa bibi yake.

"Na leo asubuhi, mama?"

"Leo asubuhi bado."

"Hajala?"

"Nimesema bado."

"Mama, tuko kituoni. Tunarudi sasa hivi."

"Sikiliza, mwanangu." Sauti yake ikashuka. "Yale machozi ya jana ni yake, alilia mwenyewe, na mimi nililia naye. Ukiingia hapa sasa na kifua chako, jana yote imekuwa bure, na wiki ijayo utamwomba ayalie tena. Mimi nipo. Akizidiwa nitawaita mimi mwenyewe. Lakini uamuzi ni wako. Wewe ndiye mama yake."

Nyuma yake kitu kikaanguka, sufuria labda, na nikasikia sauti ndogo inaita, "Bibi!" Haikuita mama. Iliita bibi. Simu ikakatika.

Basi la kwetu lilikuwa limeshawashwa. Utingo anaita majina ya vituo, mlango uko wazi. Mume wangu akanitazama, na safari hii hakusema njia anaijua yeye. Dada wa tiketi ameshika kalamu. Watu wa kwenye foleni nao, sijui walisikia nini, wametugeukia.

Kulikuwa na mwili wangu unaotaka kupanda, na kulikuwa na neno la nesi, kurudi nyuma. Nikamwambia dada wa tiketi, "Tuandikie la jioni."

Lile basi likaondoka. Nilishika mkono wa mume wangu mpaka akasema aa, unaniumiza.

Basi tukatembea. Mtu mwenye wasiwasi msimwache akae, atembezwe. Tulirudi kwenye vichochoro, na siku ile kila penye kibao cha lori lililokatwa ndipo tulipoingia, makusudi. Tulipotea mara sijui ngapi. Tuliuliza watu, na mume wangu, ambaye hajawahi kuuliza njia tangu apate leseni, aliuliza mpaka akaona raha, akawa anauliza hata njia tunayoijua. Tulikaa kwenye bustani yenye benchi za rangi ya kijani tukaangalia watoto wa watu wakibembea. Mtoto mmoja alikuwa anatafuna mkate. Tulimtazama yule mtoto akimaliza ule mkate, mimi na mume wangu, kama watu wanaoangalia mpira; alipomeza kipande cha mwisho mume wangu karibu apige makofi. Mama yake akamsogeza karibu.

Mchana tukapanda daraja la waenda kwa miguu, lile la chuma linalopita juu ya barabara kuu. Katikati mume wangu akasimama.

"Hapa," akasema. "Kila nikipita chini naona watu wamesimama hapa juu, nasema hawa hawana kazi."

Lori likatokea kwa mbali. Akapunga mikono yote miwili kama mtoto. Dereva akapiga honi, ndefu, daraja zima likatetemeka, na mume wangu akacheka nikaona meno yake ya nyuma kabisa. Tukangojea jingine. Tukangojea na la tatu. Mama hakuwa amepiga simu, na kila baada ya lori nilikuwa naichungulia simu kuona kama haijazima.

Kabla sijawaambia tulichokikuta, chukueni hili. Msiachishe ghafla kama mimi. Punguzeni kidogo kidogo, mara ya mchana kwanza, mara ya usiku baadaye, na anzeni mapema, msingoje mtoto ajue kusema pole. Mimi kifua kiliwaka siku kadhaa, nikapata na homa, na ningeweza kuugua vibaya. Mwacheni mtoto kwa mtu mnayemwamini kweli, si kwa aliye karibu tu. Na mume akipiga mluzi sana, muulizeni ana nini.

Tulifika nyumbani jua linazama. Begi nililiacha getini. Niliingia kwa mlango wa uani, taratibu, kitambaa nimejifunga kifuani mpaka shingoni.

Bosi alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imetandazwa, sahani mapajani. Viazi vilivyopondwa na yai. Vingine vilikuwa kwenye nywele. Bibi yake amekaa chini karibu naye, na yeye ana sahani yake.

Aliniona. Hakukimbia. Alikuwa anatafuna, na alitafuna akinitazama mpaka akameza. Moyo wangu ulisimama na lile tonge.

Halafu akashuka, akaja, mikono imejaa viazi, akavuta kitambaa changu, akachungulia ndani. Akamgeukia bibi yake.

"Nyonyo imelala?"

Mama mkwe akanikonyeza. "Muulize mwenyewe."

"Imelala," nikasema. Sauti ilinitoka nusu.

Bosi akaweka kidole mdomoni, "Shhh," akarudishia kitambaa kwa uangalifu, akakipigapiga, akarudi kwenye kigoda chake. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na begi kichwani, hajui aliweke wapi.

"Mama, ulifanyaje?" akauliza kwa kunong'ona, kama vile ile nyonyo ingeamka kweli.

"Sikufanya kitu. Simu ilipokatika nikachoka kumbembeleza. Nikapakua changu, nikakaa hapa, nikala. Akaja kuchungulia. Nikamwambia hiki ni cha bibi, wewe hutaki." Mama mkwe akalamba kijiko chake. "Bosi hajawahi kunyimwa kitu maishani mwake. Alilia kidogo, akafungua mdomo."

Mimi nikakaa pale chini, kwenye sakafu, na viatu vyangu. Bosi alikuwa anakwangua sahani, upande huu, upande ule, mpaka ikawa nyeupe. Akaigeuza akaangalia chini yake. Halafu akaigonga na kijiko, akanitazama usoni, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake mbele ya chakula.

"Ongeza."